Jina Linaporudi: Umbo la Orodha ya Mabingwa wa Gofu ya Ridhaa ya Wanawake Marekani

Orodha ya mabingwa ni utungo usio na mtunzi. Kila mwaka huongezwa mshororo mmoja, na anayeuandika hawezi kujua wa mwakani utabeba jina gani. Lakini chukua orodha ya mabingwa wa gofu ya ridhaa ya wanawake wa Marekani, iliyoanza mwaka 1895 na kufika mwaka 2025 kwa jina la Megha Ganne, uisome toka juu hadi chini bila haraka, kama usomavyo utenzi. Utaona ina kanuni zake na vina vyake, na kwamba baadhi ya vina hivyo vilifichwa na mkono wa waliokuwa wakiandika. Hapo ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Naamini orodha hii husema jambo zito zaidi pale jina linaporudi, na kwa miongo mingi namna ya kuwaandika wanawake ilifanya kurudi huko kusionekane.

Kanuni ni chache. Mwaka una mshororo mmoja, na mshororo una jina moja. Pembeni ya jina huwekwa uwanja uliochezewa na matokeo ya fainali, basi. Hakuna sifa, hakuna sababu, hakuna upepo wala mvua ya siku hiyo. Aliyefungwa, pale anapotajwa, hutajwa kwa kuwa matokeo hayakamiliki bila yeye.

Mshororo wa kwanza una mizani ya peke yake. Novemba 1895 wanawake 13 walikutana katika klabu ya Meadow Brook, Hempstead, jimbo la New York, wakacheza mashimo 18 kwa siku moja: tisa kabla ya chakula cha mchana, tisa baada yake. Lucy Barnes Brown alishinda kwa mikwaju 132. Namba hiyo ni jumla ya yote, inabeba kila mkwaju, uliokwenda sawa na ule uliopotelea majanini. Mwaka uliofuata ubingwa ulihamia Morris County, New Jersey, Robert Cox wa Edinburgh akatoa kombe linaloshindaniwa mpaka leo, na bingwa akaanza kupatikana kwa mtoano wa wawili wawili, wakishindana shimo kwa shimo. Kwa hiyo 132 haikupata mwenzake. Imesimama pale juu, ukumbusho wa mtindo uliotumika siku moja tu kumpata bingwa.

Tangu hapo matokeo kwa kawaida huandikwa kwa namba mbili, na namba hizo zinastahili kusomwa polepole. Mwaka 1961 zinasema 14 na 13. Ya kwanza yaeleza kwamba mshindi, Anne Quast Decker, alikuwa mbele kwa mashimo 14. Ya pili yaeleza kwamba kati ya mashimo 36 ya fainali yalikuwa yamebaki 13, kwa hiyo mpinzani wake, Phyllis Preuss, asingemfikia hata kama angeyashinda yote. Wakapeana mikono baada ya shimo la 23. Fainali ya ubingwa huu haijawahi kwisha kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Kinachonishika ni ile namba ya pili, kwa sababu inahesabu kitu ambacho hakikutokea. Kadiri mchezaji anavyomzidi mwenzake ndivyo sehemu ya fainali isiyochezwa inavyorefuka, na ushindi mkubwa kuliko wote ukawa ndio uliotuachia mchezo mfupi kuliko wote wa fainali za mashimo 36.

Kinyume chake ni mwaka 1966, ambapo matokeo yana namba moja: shimo la 41. JoAnne Gunderson Carner na Marlene Stewart Streit wa Kanada walimaliza 36 wakiwa sawa, wakaongeza matano ndipo akapatikana mshindi, Carner. Ni fainali ndefu kuliko zote. Msomaji akipanda mishororo kumi juu atawakuta wawili hao hao mwaka 1956, ila hapo mshindi ni Marlene Stewart na aliyefungwa ni msichana wa miaka 17 aitwaye Gunderson. Orodha haina neno la kulipiza wala la kusubiri. Imeweka miaka kumi kati ya pigo na jibu, ikamwachia msomaji kazi ya kuviunganisha.

Kuunganisha huko ndiko ninakokuita kusoma vina. Beatrix Hoyt alikianzisha kina cha kwanza: 1896, 1897, 1898, akiwa na miaka 16 alipoanza, kisha akaacha mashindano akiwa na miaka 20. Mwaka 1906 akaja Harriot Curtis, na mwaka 1907 Margaret Curtis. Hapo kina ni cha ukoo. Dada wawili walikutana fainali huko Midlothian, Illinois, na mdogo akamfunga mkubwa aliyekuwa bingwa mtetezi, 7 na 6. Margaret alirudi peke yake mwaka 1911 na 1912. Baadaye dada hao walitoa kombe lenye jina lao, linaloshindaniwa tangu 1932 na timu za wanawake wa ridhaa wa Marekani dhidi ya wenzao wa Uingereza na Ireland, na nadhani hakuna zawadi iliyowafaa zaidi watu waliojua maana ya kushindana na uliyelelewa naye.

Sasa tutazame mkono wa mwandishi. Katika kumbukumbu za wakati ule bingwa wa 1895 haitwi Lucy. Anaitwa Bibi Charles S. Brown. Jina lake mwenyewe halimo. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea mwanamke kubaki na jina la baba yake hata akiolewa mara tatu, atalisoma jina hilo mara mbili akimtafuta mchezaji. Unaweza kusema ni adabu ya zama zile tu, na ni kweli ilikuwa adabu, ila katika utungo ambao vina vyake ni majina ya watu adabu hiyo inavunja kina. Mwaka 1908 alishinda Katherine Harley. Mwaka 1914 alishinda Bibi H. Arnold Jackson. Ni mtu mmoja. Alikaa miaka sita kabla ya kulipata taji tena, jambo gumu kwa bingwa yeyote, na orodha ya zamani ikaliandika kama ushindi wa mwanamke mwingine ambaye hatujawahi kumsikia. Mskoti Dorothy Campbell aliponea kidogo. Alishinda 1909 na 1910, halafu mwaka 1924, akiwa na miaka 41, umri ambao hakuna bingwa mwingine wa orodha hii aliyeufikia, akatokea kama Dorothy Campbell Hurd. Kwa kuwa jina la zamani liliachwa katikati, sikio linaweza kukinasa kina kilichokawia miaka kumi na minne.

Orodha za siku hizi zimerekebisha mengi ya haya. Zinaandika Lucy Barnes Brown, zinaandika Katherine Harley Jackson. Wapo watakaoliona kuwa jambo la makarani. Kwangu ni uhariri wa maana, sawa na kumrudishia mshairi jina lake juu ya shairi.

Aliyelijaza umbo hili kupita wote ni Glenna Collett. Mishororo yake ni sita: 1922, 1925, 1928, 1929, 1930, 1935. Hakuna aliyemfikia. Lakini hesabu ya sita ni jambo la nje, la ndani ni mpangilio. Kwanza anakuja kila baada ya miaka mitatu. Kisha inakuja mitatu iliyoshikana. Kisha kimya cha miaka minne, halafu mmoja wa mwisho. Kimya hicho nacho kina mambo. Mwaka 1931 aliolewa, na mwaka huo huo akafika fainali akafungwa na Helen Hicks. Mwaka 1932 akafika tena, safari hii akipigwa 10 na 8 na Virginia Van Wie, ambaye yeye Collett alikuwa amemfunga 13 na 12 mwaka 1928. Van Wie akashinda na miaka miwili iliyofuata. Msomaji wa safu ya washindi peke yake angesema Collett amekwisha. Kumbe alikuwa bado mlangoni, upande ambao safu hiyo haiangalii.

Ndipo ukaja mwaka 1935 katika uwanja wa Interlachen, Minnesota. Alikuwa na miaka 32 na watoto wawili. Aliyesimama mbele yake fainali alikuwa Patty Berg, msichana wa miaka 17, mzaliwa wa Minneapolis, akicheza mbele ya watu wa nyumbani kwao. Collett alishinda 3 na 2. Kwa uandishi wa zama zile mshindi wa mwaka huo ni Bibi Edwin H. Vare. Fikiria basi: mwanamke anayemaliza mfululizo mkuu kuliko wote katika orodha anamalizia kwa jina ambalo halifanani hata kwa herufi moja ya mwanzo na mishororo yake mitano. Kituo cha shairi kimeandikwa kwa mwandiko mwingine. Ndiyo maana jina tunalotumia leo, Glenna Collett Vare, naliona kuwa la haki zaidi. Linambeba binti wa 1922 na mama wa 1935 kwa pamoja.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha miaka minane, kutoka 1957 hadi 1964. Katika orodha inayofuata jina ambalo mshindi alikuwa nalo siku ile, kinasomeka hivi: Gunderson, Quast, McIntire, Gunderson, Decker, Gunderson, Welts, McIntire. Ukihesabu majina utapata watu watano. Wako watatu tu. Quast, Decker na Welts ni Anne mmoja, aliyebadili jina kila alipoolewa. Mrudishie jina la kwanza uone umbo linavyosimama: Gunderson, Quast, McIntire, Gunderson, Quast, Gunderson, Quast, McIntire. Wanawake watatu walibadilishana taji la nchi nzima kwa miaka minane bila mwingine kupenya, na kina cha kati, kinachokuja kila mara nyuma ya Gunderson, ndicho hasa kilichofichwa. Ushindi ule wa 14 na 13 ni wa Decker, kwa hiyo mtu anaweza kuufahamu na bado asijue kwamba ni wa yule yule bingwa wa 1958. Mwaka 1968 Anne alifika fainali tena na Gunderson, aliyekuwa sasa Carner, akafungwa 5 na 4. Na mwaka 1980, kwa jina la nne, Sander, alishinda ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza. Mchezaji mmoja kwa miaka zaidi ya ishirini, na hakuna jina moja ambalo lingekuonyesha njia yote.

Pengo nalo ni sehemu ya umbo. Yako mawili makubwa: 1917 na 1918, kisha 1942 hadi 1945. Vita viliuzuia ubingwa, na orodha hutaja mwaka pasipo jina. Alexa Stirling wa Atlanta alishinda 1916, 1919 na 1920, na huhesabiwa kuwa alishinda mara tatu mfululizo kwa sababu kati ya ushindi wake hakuna mwingine aliyeshinda. Katika pengo lile alikuwa akisafiri kucheza gofu ya kuchangia Msalaba Mwekundu, pamoja na kijana wa klabu yao ya East Lake, Bobby Jones. La pili linauma zaidi. Mshororo wa 1936 ni wa Pamela Barton, Mwingereza wa miaka 19 aliyechukua ubingwa wa Uingereza na wa Marekani mwaka mmoja. Vita vilipoanza alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga la nchi yake, na Novemba 1943 akafa katika ajali ya ndege huko Kent, akiwa na miaka 26. Mwaka wa kifo chake ni mmoja wa miaka minne isiyo na jina. Ukilijua hilo, huwezi kuruka nafasi ile kwa jicho kama nafasi tupu.

Na wapo ambao umbo hili haliwezi kuwaweka popote. Rudi mwaka 1956, Meridian Hills, Indianapolis, pale Stewart alipomfunga Gunderson. Katika raundi ya kwanza alicheza Ann Gregory wa Gary, Indiana, mwanamke mweusi wa kwanza kushiriki ubingwa huu. Alitolewa siku hiyo. Mwaka 1959, ubingwa ulipofanyika Congressional karibu na Washington, Gregory alicheza tena, na akakataliwa kuingia kwenye chakula cha jioni cha wachezaji kwa ajili ya rangi yake. Mshororo wa mwaka huo unasema McIntire, Congressional. Kila neno la mshororo huo ni kweli. Lakini jina la uwanja, ambalo kwa kawaida ni taarifa tu, kwangu limekuwa neno zito kuliko yote katika mstari, kwa maana linataja mlango na halimtaji aliyefungiwa. Wote walioshindwa mwaka huo wamenyamazishwa na kanuni ya jina moja. Kimya cha Gregory si sawa na cha wengine. Mwaka 1971 alimaliza wa pili katika ubingwa wa taifa wa wanawake wakongwe, nyuma kwa mkwaju mmoja. Aliyemzidi alikuwa Carolyn Cudone, yule yule aliyemtoa mwaka 1956. Kina kamili, kilichotimia baada ya miaka kumi na mitano, na hakimo katika orodha hii hata kidogo.

Kuanzia miaka ya 1930 kuna uzi mwingine wa kufuata. Helen Hicks wa 1931, Patty Berg wa 1938, Betty Jameson wa 1939 na 1940, Babe Zaharias wa 1946, Louise Suggs wa 1947: hawa watano ni miongoni mwa wanawake 13 walioanzisha chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake, LPGA, mwaka 1950. Zaharias alikuja na medali mbili za dhahabu za Olimpiki ya 1932, za mkuki na kuruka viunzi, akashinda fainali yake Southern Hills, Tulsa, kwa 11 na 9, na mwaka uliofuata akaingia gofu ya kulipwa. Mshororo wake ni mmoja tu, na ndiyo dalili ya mambo yatakayokuja. Collett alirudi hadi mara ya sita katika zama ambazo bingwa mwanamke hakuwa na mahali pengine pa kupeleka kipaji chake. Alipopatikana mahali pengine, sababu ya kurudi ilipungua. Carner ndiye anayesimama kwenye kizingiti: ana mataji matano, la mwisho la 1968, kisha mwaka 1970, akiwa na miaka 30, akaanza kucheza kwa malipo na kushinda Open ya wanawake ya Marekani mwaka 1971 na 1976.

Baada yake orodha inabadilika sauti. Bingwa wa 1971, Laura Baugh, ana miaka 16. Juli Inkster anashinda 1980, 1981 na 1982, na tangu hapo hakuna aliyefikisha mara tatu. Kay Cockerill, Vicki Goetze, Kelli Kuehne, Danielle Kang na Kristen Gillman wameishia mara mbili. Mwaka 2006 Kimberly Kim ana miaka 14. Mwaka 2012 Lydia Ko wa New Zealand ana 15, na wiki mbili baadaye anashinda mashindano ya wachezaji wa kulipwa huko Kanada, zawadi ya fedha asiweze kuichukua. Majina yanatoka Italia, Thailand, Colombia, Japani, Korea Kusini. Vina vinavyosikika sasa mara nyingi ni vya uongo: Hill wa 1974 ni Cynthia, Hill wa 1979 ni Carolyn, Park wa 1998 ni Grace, Park wa 2004 ni Jane. Zamani mtu mmoja alionekana wawili, na sasa wawili waonekana mmoja.

Wako wanaosikitika kwamba ubingwa umekuwa mahali pa kupita. Mimi naelewa masikitiko hayo kwa upande wa umbo, kwa sababu orodha isiyo na marudio ina kina kifupi. Siwezi kuyakubali kwa upande wa wachezaji. Kurudi kwa Collett kulikuwa kuzuri, ila kulihitaji mtu mwenye klabu, nafasi na nauli, na kwa sehemu kulitokana na kutokuwepo njia ya kujipatia riziki kwa fimbo za gofu.

Mara ya mwisho jina kukaribia kurudi mwaka kwa mwaka ilikuwa 2020, katika klabu ya Woodmont, Maryland. Gabriela Ruffels wa Australia, bingwa wa 2019, alifika fainali na Rose Zhang. Matokeo yana namba moja, kama 1966: shimo la 38. Akashinda Zhang. Ruffels ana mshororo mmoja, Zhang naye ana mmoja, na wote wawili wako katika gofu ya kulipwa. Lakini mwaka 2021 Zhang alishinda ubingwa wa taifa wa wasichana, na hilo lanifanya niamini kwamba kurudi hakujaisha. Kumehama. Eun Jeong Seong mwaka 2016 alishinda ubingwa wa wasichana na huu wa wanawake katika kiangazi kimoja. Rianne Malixi wa Ufilipino alifanya hivyo mwaka 2024, na fainali zote mbili alicheza na mpinzani yule yule, Asterisk Talley, 8 na 7 kwanza, kisha 3 na 2 kwenye uwanja ule ule wa Southern Hills wa mwaka 1946. Anayetaka kukisikia kina hicho itabidi afungue orodha mbili na kuziweka sambamba, mwaka kwa mwaka, na asome pia upande wa walioshindwa, maana Talley, aliyekuwa na miaka 15 na amefika fainali zote mbili, hayumo katika safu ya washindi ya hata mojawapo.